Kuku Wakikohoa, Usitafute Ugonjwa Mmoja: Mwongozo kwa Wafugaji wa Magharibi mwa Kenya

Mara nyingi nimesimama kwenye agrovet mjini Kakamega nikasikia ombi lilelile: "Daktari, nipe dawa ya kuku wanaokohoa." Muuzaji anainama, anatoa pakiti ya antibiotiki ya kuchanganya na maji, mfugaji analipa na kupanda bodaboda kwenda zake. Hakuna aliyeuliza kuku ni wangapi, wana umri gani, walichanjwa lini, wala nani aliingia na kuku wapya bomani wiki iliyopita. Siku tano baadaye mfugaji yuleyule amerudi kutafuta pakiti nyingine.

Mimi pia nilikuwa mfugaji huyo. Nilikuwa na leya 150, yaani kuku wa mayai, waliokuwa wakitaga vizuri, nikaongeza temba 40, majike ambao hawajaanza kutaga, niliowanunua kwa mtu aliyeniambia kwamba wamepata chanjo zote. Niliwaingiza banda moja siku hiyohiyo. Siku ya tatu banda zima lilikuwa likipiga chafya. Nikatoa antibiotiki. Chafya zikapungua kidogo, lakini mayai yakaanza kutoka na maganda yenye mikunjo kama karatasi iliyofinyangwa, na ute mweupe ukawa mwepesi kama maji. Wiki ya pili nikaogopa ugonjwa wa Newcastle, nikawachanja wakiwa bado wanakoroma. Hapo ndipo vifo vilipoanza. Nilizika kuku 31 kabla sijapeleka hata mmoja maabara, na majibu yalipokuja yalitaja bronkitisi ya kuambukiza, ambayo ni ya virusi, mikoplazma, bakteria mdogo wa njia ya hewa, na juu yao bakteria wa E. koli. Nilikuwa nimepigana na adui mmoja huku wengine wawili wakiingia kwa mlango wa nyuma, na mmoja wao nilimfungulia mwenyewe.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia hapo: kuku wakikohoa, chukulia kwamba kuna magonjwa mawili hadi maabara ikuambie ni mmoja.

Kwanza uelewe kinachotokea kooni

Ndani ya bomba la hewa la kuku kuna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinapepea mchana na usiku, vikisukuma kamasi, vumbi na vijidudu kwenda juu ili kuku avimeze au avipige chafya. Ndio ufagio wake. Kirusi cha kwanza kikiingia, kinaharibu utando unaobeba vinyweleo hivyo. Ufagio ukikatika, uchafu unabaki, na yeyote anayefuata anakuta mlango wazi: kirusi kingine, mikoplazma, au E. koli wa kawaida anayeishi kwenye kinyesi na vumbi la banda. Ndiyo maana kuku anaweza kuugua kitu chepesi Jumatatu na kufa kwa kitu kingine Jumatatu inayofuata.

Virusi vinavyohusika zaidi ni hivi. Kuna Newcastle, ambao Watanzania huuita mdondo au kideri, na ambao aina zake kali zinaweza kumaliza banda zima lisilochanjwa. Kuna bronkitisi ya kuambukiza, inayoletwa na koronavirusi ya kuku, ambayo si ile ya Uviko kwa watu. Kuna laringotrakeitisi, kirusi cha jamii ya hepesi, na kama hepesi zote hakiondoki mwilini: kuku aliyepona hukibeba kimejificha kwenye neva, na siku akipata msongo, kwa mfano akianza kutaga au akihamishwa, anaweza kukitoa tena. Halafu kuna homa ya ndege ya aina nyepesi, H9N2, ambayo wanasayansi wameshaipata kwa kuku wa masoko ya kuku hai hapa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2020. H9N2 ikiwa peke yake mara nyingi husababisha kikohozi na kushuka kwa mayai. Ikikutana na bronkitisi au E. koli, kuku wengi wanaweza kufa.

Gumboro si ugonjwa wa mapafu, lakini nautaja kwa makusudi. Unaharibu kiwanda cha kinga cha kifaranga, na kifaranga aliyepitia Gumboro anaweza kuchanjwa Newcastle kwa utaratibu wote na bado chanjo isimshike. Mfugaji analaumu chanjo, kumbe kinga iliharibiwa tangu wiki ya tatu.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Virusi viwili vikiingia mwili mmoja si lazima visaidiane. Majaribio ya maabara kwa kuku walioambukizwa Newcastle na homa ya ndege yameonyesha kwamba kilichotangulia kinaweza kukizuia kingine kuzaana kwa muda, kwa sababu vyote viwili vinagombea seli zilezile na mwili umeshaamsha ulinzi. Kwa mfugaji maana yake ni kwamba dalili zinaweza kuchelewa au kuja nusunusu. Usitegemee picha safi ya kitabuni.

Hatua ya 1: Funga boma kabla hujajua jina la ugonjwa

Fanya hivi saa ileile uliposikia chafya ya kwanza. Kuku asitoke, kuku asiingie. Usiuze, usimpe mgeni, na usichinje halafu ukawatupia mbwa matumbo. Najua hili ni gumu kwetu, ambako mgeni akija ni lazima kuku aanguke, na mgeni akiondoka huenda akafungiwa jogoo wa njiani. Mweleze tu kwamba boma lina ugonjwa. Ataelewa, maana naye ana kuku kwake.

Jambo linalonihuzunisha zaidi ni mazoea ya kukimbilia sokoni. Mtu akiona kuku wawili wanasinzia, anawakusanya walio wazima kwenye tenga na kuwapeleka masoko ya Lubao, Luanda, Chwele au Kibuye kabla hawajafa. Wale "wazima" wameshabeba kirusi. Kufikia jioni wametawanyika kwenye maboma ishirini, na wengine wako juu ya basi la Nairobi. Tenga lenyewe linarudi na kinyesi chake, na wiki ijayo linabeba kuku wako.

Weka jozi moja ya gambutsi au malapa mlangoni mwa banda, isiyotoka hapo kamwe. Anayehudumia kuku awe mmoja, na aanze kwa vifaranga, kisha wakubwa wazima, wagonjwa mwisho.

Hatua ya 2: Sikiliza usiku

Kipimo hiki hakigharimu kitu. Saa mbili usiku, kuku wakishatulia, ingia bila tochi, simama katikati ya banda, kaa kimya kwa dakika mbili. Mchana kelele za kula na kupigana zinaficha kila kitu. Usiku utasikia chafya fupi kavu, au mkoromo wa majimaji kama mtu anayevuta mabaki ya soda kwa mrija, au mluzi mwembamba kuku anaponyoosha shingo kuvuta hewa. Hesabu ni sauti ngapi kwa dakika. Andika. Kesho usiku rudia saa ileile. Hesabu hiyo itakuambia kama ugonjwa unapanda au unashuka, vizuri kuliko macho yako ya mchana, ambayo kila mara hutamani kuona nafuu.

Ukiwa humo, chuchumaa hadi kichwa chako kiwe usawa wa kuku na uvute pumzi. Macho yakikuwasha, amonia imezidi. Wataalamu hushauri isipite sehemu 25 kwa milioni, na kufikia hapo vile vinyweleo vya kooni vimeshaanza kulemaa bila kirusi chochote kuhitajika. Nimeona mabanda mengi upande wa Nakuru, huko Njoro na Bahati, yaliyofunikwa nailoni kila upande kwa sababu ya baridi ya usiku. Kuku wanapata joto, ndiyo, lakini wanalala ndani ya mvuke wa kinyesi chao. Funika kuanzia chini hadi usawa wa migongo ya kuku, acha wazi juu ili hewa chafu itoke.

Hatua ya 3: Hesabu siku kurudi nyuma

Chukua kalenda. Weka alama siku ya chafya ya kwanza, kisha uulize: kabla ya hapo ni nini kiliingia bomani? Kuku wapya, trei za mayai za kuazima, gunia la chakula lililotumika kwingine, mchuuzi aliyeingia kuchagua jogoo, chanjo.

Kila ugonjwa una mwendo wake tangu kuingia hadi kuonekana. Bronkitisi ina haraka kuliko yote: saa 18 hadi 36, na banda zima linaweza kukoroma ndani ya siku mbili au tatu. Koraiza, ule mafua wa bakteria unaovimbisha uso na kunuka vibaya puani, huchukua siku 1 hadi 3. Newcastle huchukua siku 2 hadi 15, mara nyingi 5 au 6. Laringotrakeitisi ni siku 6 hadi 12, na hutambaa polepole kutoka kona moja ya banda hadi nyingine. Mikoplazma inaweza kukaa wiki tatu au zaidi kimya kabisa, na mama huirithisha kwa kifaranga kupitia yai.

Sasa tazama jinsi hesabu inavyofichua mchanganyiko. Kuku wapya waliingia tarehe 1. Tarehe 3 banda zima linapiga chafya: hiyo ina mwendo wa bronkitisi. Tarehe 8 kuku sita wanatoa kinyesi cha kijani, mmoja amepinda shingo. Bronkitisi haipindi shingo. Huyo ni mgeni wa pili, na kwa dalili hizo shuku Newcastle mara moja.

Kama kuku walichanjwa kwa chanjo hai ya Newcastle au bronkitisi siku 3 hadi 5 zilizopita, chafya chache ni kawaida na huisha zenyewe ndani ya wiki moja hivi. Zikiendelea wiki ya pili, huenda chanjo imekuta mikoplazma imelala ndani na kuiamsha. Wengi huongeza chanjo nyingine hapo. Usifanye hivyo.

Hatua ya 4: Mshike kuku, kisha mfungue aliyekufa

Kabla ya kisu, tazama kwanza. Kama kuku wanakufa ghafla kwa wingi, vilemba na shungi vimekuwa vya zambarau, miguu ina madoa ya damu chini ya ngozi, usifungue yeyote. Inaweza kuwa homa ya ndege kali. Acha walipo, zuia watoto na mbwa, piga simu kwa daktari wa mifugo wa kaunti ndogo. Sisi tulio karibu na mpaka wa Busia hatuna haja ya kukumbushwa: Januari 2017 Uganda ilitangaza homa ya ndege aina ya H5N8 kandokando ya Ziwa Victoria, na Kenya ikazuia kuku kutoka huko.

Kama hali si hiyo, chagua aliyekufa karibuni, kabla hajaanza kunuka. Vaa glavu na barakoa, mlowanishe manyoya kwa maji ya sabuni ili vumbi lisiruke. Kata pembe ya mdomo kwa mkasi, shuka na bomba la hewa hadi kifuani, lipasue kwa urefu. Bomba la kuku mzima ni jeupe lenye unyevu, linang'aa kama ndani ya ganda la njugu mbichi. Wekundu na kamasi nyingi unaweza kuziona kwa karibu magonjwa yote haya. Damu iliyoganda, au kizibo cha damu na usaha kinachoziba njia, inaelekeza kwenye laringotrakeitisi. Kizibo cha manjano kama jibini kule chini bomba linapogawanyika, hasa kwa wachanga, kinaelekeza kwenye bronkitisi.

Shuka zaidi. Vifuko vya hewa vya kuku mzima ni vyembamba na angavu kama nailoni ya mkate. Vikiwa na ukungu, povu au mabonge ya manjano, mikoplazma na E. koli wameshaingia. Ukiona moyo na ini vimefunikwa utando mweupe kama ukoko wa uji uliopoa, E. koli amemaliza kazi, lakini bado hujajua nani alimfungulia. Figo zilizovimba na kupauka zenye michirizi meupe hutokea kwa aina za bronkitisi zinazopiga figo. Mwisho pasua lile tumbo dogo linalotangulia firigisi, ile firigisi ambayo kwetu hupewa mwenye nyumba. Vidoa vya damu kwenye ukuta wake wa ndani ni ishara ninayoiogopa kuliko zote, ishara ya Newcastle kali.

Andika ulichokiona, piga picha kwa simu. Hata daktari mzoefu hatoi jina la mwisho kwa macho peke yake.

Hatua ya 5: Peleka sampuli mapema, na upeleke historia yake

Ukiwa Kakamega, Bungoma, Vihiga au Busia, maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo iliyo karibu ni ya Eldoret. Walio Kisumu na Nyanza wanaweza kwenda Kericho, na Nakuru ina yake. Maabara kuu iko Kabete. Anza kwa ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo; wao wanajua jinsi ya kufunga sampuli na wana wajibu wa kupewa taarifa, kwa sababu Newcastle na homa ya ndege ni magonjwa ya kuripotiwa kisheria.

Peleka kuku wawili au watatu walio hai na dalili mpya, pamoja na aliyekufa asubuhi hiyo. Mgonjwa wa wiki tatu hafai sana, kirusi cha kwanza kinaweza kuwa kimeshaondoka na kumwachia bakteria jukwaa. Waliokufa wafungwe mifuko miwili na kuwekwa kwenye kikasha chenye barafu, wasigandishwe.

Sasa sehemu ambayo wengi huisahau. Andika kwenye karatasi: idadi ya kuku, umri, tarehe ya chafya ya kwanza, vifo kwa siku, mayai kwa siku, dawa ulizotoa, na tarehe ya kila chanjo pamoja na jina lililoandikwa kwenye chupa. Kipimo cha kisasa cha kunasa chembe za kirusi kinaweza kunasa kirusi cha chanjo uliyotoa wiki mbili zilizopita, na bila karatasi hiyo maabara itatafuta adui ambaye ni wewe uliyemleta kwa nia njema. Omba wapime zaidi ya kimoja. Sema waziwazi: "Naomba mpime Newcastle, bronkitisi na mikoplazma, na mwangalie homa ya ndege." Usipouliza, huenda ikapimwa Newcastle peke yake, ikikosekana ukaambiwa hakuna kitu.

Hatua ya 6: Wahudumie wakati unasubiri

Virusi hivi havina dawa. Kuku anapona kwa mwili wake mwenyewe, na kazi yako ni kuupa mwili huo nafasi. Punguza msongamano. Ondoa maranda yaliyolowa, lakini kwa kuyanyunyizia maji kidogo kwanza, vumbi ni sumu kwa koo lililochubuka. Wape joto, hasa usiku; bronkitisi kwa vifaranga inaua zaidi penye baridi. Maji safi yabadilishwe mara mbili au tatu kwa siku, yenye vitamini na chumvichumvi za kuku. Chakula kilicholowanishwa kidogo humezwa kwa urahisi.

Mshubiri na pilipili kwenye maji, ambazo majirani wengi hutumia, haziui kirusi. Usimwache kuku bila maji safi kwa ajili ya maji machungu asiyoyataka.

Hatua ya 7: Antibiotiki kwa sababu, si kwa woga

Antibiotiki ina nafasi yake hapa, kwa sababu bakteria wanaofuata ndio wanaoua wengi. Lakini daktari aone kwanza kwamba kuna kazi ya dawa hiyo: vifuko vya hewa vyenye mabonge, uso uliovimba, au jibu la maabara. Tailosini au doksisaiklini hupewa kwa mikoplazma, E. koli anaweza kuhitaji nyingine kabisa, na maabara inaweza kupima ni ipi bado inamshinda. Maliza siku zote zilizoandikwa. Usichanganye mbili kwa kubahatisha. Soma kwenye pakiti ni siku ngapi mayai na nyama visiliwe wala kuuzwa, kisha uheshimu siku hizo hata kama trei zinajaa na ada ya shule inadaiwa. Watoto wa mteja wako ndio watakaokula dawa hiyo.

Hatua ya 8: Usimchanje anayekohoa

Hili ndilo kosa langu la siku ile, na bado naliona kila msimu. Chanjo hai ni kirusi kilichofugwa. Ukikitia kwenye koo lililokwisha kuchanwa na bronkitisi au mikoplazma, kinachubua zaidi, na kinga unayoitafuta haijengeki vizuri. Subiri hadi sauti za usiku ziishe, kisha ongeza wiki mbili.

Palipo na Newcastle iliyothibitishwa karibu nawe, kuku wazima wa maboma yanayozunguka wachanjwe haraka, kwa mpango wa daktari, mchanjaji akianzia boma lililo mbali zaidi na ugonjwa na asiingie boma lenye ugonjwa.

Hatua ya 9: Panga kalenda upya, ukiacha nafasi

Kwa kuku wa mayai, mpango unaofanya kazi kwa wengi ni huu: Marek (ugonjwa wa virusi unaoleta uvimbe na kupooza) siku ya 1 kule kiangulioni, Newcastle pamoja na bronkitisi siku ya 7, Gumboro siku ya 14, Newcastle na bronkitisi tena siku ya 21, Gumboro siku ya 28, ndui ya kuku wiki ya 6 hivi, Newcastle wiki ya 8, na Newcastle na bronkitisi mara nyingine kabla hawajaanza kutaga, wiki ya 16 hadi 18. Daktari wako anaweza kuusogeza kulingana na magonjwa yaliyopo eneo lako. Ninachokuomba uzingatie ni zile siku saba katikati. Chanjo hai zinagombana kooni kama virusi vya kweli. Ukitoa ya bronkitisi peke yake, kisha ya Newcastle siku chache baadaye, ya kwanza inaizuia ya pili. Zilizochanganywa na kiwanda kwenye chupa moja zimepimwa ili zisigombane. Wewe usichanganye chupa mbili nyumbani. Chanjo ya laringotrakeitisi usiiguse kabisa bila maabara kuthibitisha kwamba ugonjwa upo, kwa sababu kirusi chake cha chanjo nacho kinaweza kubaki bomani.

Kuku wa kienyeji wanaotembea wanahitaji Newcastle kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Ipo chanjo inayovumilia joto, iitwayo I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Inavumilia, haimaanishi ikae juani. KEVEVAPI, taasisi ya serikali yetu, hutengeneza chanjo za Newcastle, na chupa huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa boma moja, kwa hiyo chama cha majirani kumi kikinunua pamoja, gharama ya kila mmoja inakuwa ndogo na kijiji chote kinafunikwa siku moja.

Unaponunua, omba uone friji. Iwe nyuzi 2 hadi 8, na chupa isikae mlangoni pamoja na soda. Nimewahi kuuziwa chupa iliyokuwa na uvuguvugu mkononi mwangu. Siku hizi naiacha palepale kaunta. Ibebe kwenye thamosi yenye barafu. Tone moja kwenye jicho moja, umshikilie kuku hadi apepese, na unawe mikono kabla ya kugusa uso wako, maana kirusi cha Newcastle, hata cha chanjo, kinaweza kukufanya macho mekundu kwa siku kadhaa. Ukitumia maji ya kunywa, tumia ya mvua au kisima yasiyo na dawa ya mfereji, changanya gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, acha dakika 20 ndipo utie chanjo. Kuku wawe wamekaa saa moja bila maji, na wamalize ndani ya saa mbili, asubuhi kabla ya jua kali.

Hatua ya 10: Banda, na kuku wapya

Newcastle, bronkitisi, laringotrakeitisi na homa ya ndege vyote vimevaa ganda la mafuta. Sabuni ya kawaida inalivua, jua linakamilisha. Kwa hiyo fagia, sugua kwa sabuni, suuza, acha pakauke kabisa, ndipo umwagie dawa ya kuua viini. Dawa juu ya kinyesi ni pesa iliyotupwa. Gumboro haina ganda hilo na hudumu bandani kwa miezi, ndiyo sababu nyingine ya kutoruka usafi huu. Waliokufa wachomwe au wazikwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua, juu wakinyunyiziwa chokaa.

Kuku wapya wakae peke yao wiki tatu, mbali na wengine, wakihudumiwa mwisho. Wiki mbili kwa kawaida zinatosha kuona bronkitisi na Newcastle, ya tatu ni kwa ajili ya laringotrakeitisi inayotambaa polepole, na mikoplazma. Siku ya kumi watie kuku wako mmoja wa bei ndogo, mzima, akae nao hadi mwisho. Akianza kukoroma, umejua kwa gharama ya kuku mmoja.

Kwa Krismasi, hesabu nyuma. Kuanzia wiki ya pili ya Desemba kila gari kutoka Nairobi linashusha watu, na kila boma linanunua, linapewa au linapeleka kuku mahali. Kinga ya Newcastle inahitaji wiki mbili hadi tatu kujengeka. Chupa iwe imeshatumika katikati ya Novemba, na temba wowote unaotaka kuongeza wawe wameshamaliza wiki zao tatu kabla wageni hawajafika.